Barua Yako, Kitufe Changu

Kampuni ya nishati ya Enron, ya Houston huko Texas, ilifilisika Desemba 2001, na wengi wanaoikumbuka huikumbuka kwa hesabu zake zilizopikwa. Wataalamu wa kompyuta wanaikumbuka kwa barua. FERC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia soko la nishati, ilikuwa ikichunguza namna bei ya umeme ilivyochezewa California mwaka 2000 na 2001. Katika uchunguzi huo ikakusanya barua pepe za wafanyakazi wapatao 150, wengi wao mabosi, na Machi 2003 ikaziweka hadharani kwenye intaneti. Hoja yake ilikuwa kwamba wananchi waliolanguliwa umeme wana haki ya kuuona ushahidi kwa macho yao. Hoja haina ubaya. Ila pamoja na mipango ya kulangua umeme, yakamwagwa hadharani na mambo ya watu: ndoa zao, magonjwa yao, namba za kadi zao za benki, hata namba za hifadhi ya jamii, ambazo huko Marekani anayezijua anaweza kwenda kukopa kwa jina lako.

Watafiti walizichangamkia. Hakuna kampuni nyingine ambayo barua zake zilikuwa zimewekwa hadharani kwa wingi namna hiyo, na anayetaka kujua watu huandikianaje kazini hakuwa na pengine pa kwenda. Leslie Kaelbling wa MIT alinunua nakala, wenzake wa taasisi ya SRI wakarekebisha kasoro, na William Cohen wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon akaziweka mahali ambapo yeyote angeweza kuzipakua. Nakala hiyo ina barua karibu nusu milioni. Ukiifungua unakuta kila mfanyakazi na majalada yake: barua zilizoingia, zilizotumwa, na jalada la zile zilizofutwa. Ndiyo, hata barua ambazo mwenyewe alikwisha kuzitupa zimo, zimepangwa vizuri, zinasubiri msomaji.

Hakuna aliyeulizwa. Ukisema hivyo, jibu la haraka ni kwamba hao walikuwa mabosi wa kampuni ya kitapeli, na barua za ofisini ni mali ya ofisi. Sawa. Lakini barua haiandikwi na mtu mmoja akijisomea mwenyewe. Katika majalada hayo wamo wake na waume wa wafanyakazi, wazazi, mawakili, marafiki, watu waliokuwa wakiomba kazi. Hawa hawakuajiriwa na Enron, hawakulangua umeme wa mtu, wala hawakusaini mkataba wowote wa matumizi ya kompyuta za ofisi. Kosa lao ni kumwandikia mtu ambaye baadaye sanduku lake lilichukuliwa.

Mwaka 2013 kampuni ya Nuix ilipitia barua hizo upya na kuondoa zaidi ya vipande 10,000 vyenye taarifa binafsi, za afya na za fedha. Miaka 10 ilikuwa imepita, na nakala za mwanzo zilikwisha kusambaa vyuo vikuu na maabara duniani kote. Mwishoni mwa 2020 kundi la watafiti liitwalo EleutherAI lilitoa The Pile, rundo la maandishi la zaidi ya gigabaiti 800 kutoka vyanzo 22, lililokusudiwa kufundishia modeli za lugha. Kimoja kati ya vyanzo hivyo 22 ni barua za Enron. Sababu waliyoitoa ni ya kitaalamu tu: modeli ijue barua pepe zinavyoandikwa, kwa kuwa maandishi ya aina hiyo hayapatikani kwingineko. Kwa hiyo mtu aliyemwandikia shemeji yake Houston mwaka 2001 amechangia kufundisha mashine kuandika, bila kuombwa na bila kujua.

Nimeanza na Enron kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mjadala wa faragha na akili mnemba huwa unakiruka. Tunajadili ridhaa kana kwamba kila data ina mwenyewe mmoja: mtu huyu, akaunti hii, kitufe cha kukubali au kukataa. Barua haiko hivyo. Ina mwandishi na mpokeaji, na mara nyingi ina mtu wa tatu anayezungumziwa humo ndani, ambaye hata hajui kwamba barua ipo. Kitufe anabonyeza mmoja. Hili ndilo tatizo lenyewe, na mengine yote, kuanzia masharti marefu yasiyosomeka hadi swichi zilizofichwa kwenye mipangilio, ni matawi yake.

Sheria ililiona zamani, katika sura nyingine. Mwaka 1741 mshairi Alexander Pope alimshtaki mchapishaji Edmund Curll mjini London kwa kuchapisha barua zake bila ruhusa. Jaji, Lord Hardwicke, aliamua kwamba aliyepokea barua anamiliki karatasi, lakini maneno yaliyomo yanabaki kuwa ya aliyeandika. Mpokeaji hana mamlaka ya kuyachapisha wala kumruhusu mwingine ayachapishe. Ni hukumu ya hakimiliki, si ya faragha, lakini mantiki yake inafaa hapa: ukinipa barua yako hujanipa haki ya kuigawa nitakavyo. Leo mpokeaji haigawi kwa kuipeleka kiwandani kupigwa chapa. Anaigawa kwa kukubali vigezo na masharti.

Mvutano huo ulifika mahakamani katika kesi ambayo huku kwetu haikuzungumzwa sana. Gmail ilianza tarehe 1 Aprili 2004 ikitoa gigabaiti nzima ya nafasi bure, jambo ambalo wakati huo lilionekana kama utani wa Siku ya Wajinga. Malipo yake yalikuwa kwamba mashine za Google zingesoma barua ili zikuletee matangazo yanayolingana na unayoyazungumza. Mashirika 31 ya kutetea faragha na haki za raia yaliandika kupinga. Google ikajibu kwamba watumiaji wamekubali. Swali likabaki: na sisi wengine je? Mtu asiye na akaunti ya Gmail, asiyewahi kukubali lolote, anamwandikia rafiki mwenye Gmail, na barua yake inasomwa vilevile.

Watu hao walikwenda mahakamani California. Mawakili wa Google walitoa hoja kwamba anayemwandikia mtu barua ofisini hapaswi kushangaa ikifunguliwa na msaidizi wa huyo mtu. Vivyo hivyo, anayetuma barua pepe asishangae ikipitiwa na mtambo wa mtoa huduma. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hoja hii si ngeni. Barua zetu nyingi zilipita S.L.P. ya shule, ya parokia au ya kampuni. Karani alizipokea, akazipanga, pengine akakisia yaliyomo kwa mwandiko wa juu ya bahasha. Tuliishi na hilo. Lakini karani wa S.L.P. hakuwa akizifungua zote, akizikariri, halafu akiuza ujuzi alioupata. Septemba 2013 Jaji Lucy Koh aliikataa hoja ya kuitupa kesi, akisema kwamba kumwandikia mtu wa Gmail hakumaanishi umekubali barua yako ichambuliwe kwa ajili ya matangazo. Kisha Machi 2014 akakataa walalamikaji wote wasikilizwe kama kundi moja, kwa sababu nani alijua nini na alikubali nini ilitofautiana mtu na mtu.

Hukumu hizo mbili zikisomwa pamoja zinatisha kidogo. Ya kwanza inasema ridhaa ya mpokeaji haimfungi mtumaji. Ya pili inasema kuthibitisha ridhaa ya kila mtumaji ni kazi isiyowezekana kwa mamilioni ya watu kwa mkupuo. Yaani haki ipo, ila njia ya kuidai kwa pamoja imefungwa. Kesi nyingine iliyofuata, nayo ya watu wasio na Gmail, iliisha kwa mapatano, na Juni 2017 Google ikatangaza kwamba itaacha kutumia yaliyomo ndani ya barua kuchagua matangazo. Wengi wakadhani jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha, kwa sababu kusoma kwa ajili ya matangazo ni jambo moja na kusoma kwa ajili ya kujifunza ni jingine. Hapa pia inabidi tuwe waungwana: si kila kujifunza ni uvamizi. Kichujio cha barua taka hujifunza kutokana na barua za watu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hakuna anayeandamana. Kila unapobonyeza kwamba barua hii ni taka, unaufundisha mtambo. Bila hiyo, masanduku yetu yangejaa warithi wa mafuta na washindi wa bahati nasibu wasiocheza. Sote tumeridhia bila kuulizwa, na tungeulizwa tungeridhia.

Tofauti iko kwenye kinachotoka upande wa pili. Kichujio kilichojifunza barua milioni kinatoa jibu moja: taka, au si taka. Hakuna namna ya kukihoji mpaka kiseme barua ya shangazi yako ilikuwa na nini. Mashine iliyojifunza barua ili iandike barua inatoa maneno, na maneno hayo yametoka mahali. Google ilipoanzisha majibu ya kupendekezwa mwaka 2015, watafiti wake wenyewe walisimulia kwamba jaribio la mwanzo lilikuwa na tabia ya ajabu: karibu kila barua, hata ya kikazi, lilipendekeza ijibiwe kwa maneno ya kumwambia mtu unampenda. Wakagundua kwamba mashine ilikuwa inakimbilia maneno yanayotumika sana kwenye barua za watu, na ikisita hujikinga kwa hayo. Kisa kinachekesha, lakini kimebeba habari nzito: tabia ya mashine ilikuwa ni kivuli cha mapenzi ya watu wasiojuana. Mwaka 2018 ilipokuja huduma ya kukamilisha sentensi, mtafiti mmoja wa Google aliandika kwamba anakutana na mwekezaji wiki ijayo, na mashine ikapendekeza swali lililomfanya mwekezaji kuwa mwanamume. Kampuni ikaamua kuondoa kabisa mapendekezo yenye viwakilishi vya jinsi. Waswahili hatuna tatizo hilo la sarufi, yeye wetu ni yeye tu, lakini mazoea yaliyomo kwenye barua zetu tunayo, nayo yatajitokeza kwa njia nyingine.

Je, mashine inaweza kutoa siri ya mtu mmoja mahususi? Hapa watu hugawanyika kati ya wanaoogopa kila kitu na wanaopuuza kila kitu, ilhali utafiti upo. Modeli ya lugha hainakili barua na kuzihifadhi mahali. Hujifunza kukisia neno linalofuata, na kwa sehemu kubwa inachobaki nacho ni mwenendo wa jumla wa lugha. Lakini baadhi ya vipande hukwama vilevile vilivyo. Mtafiti Nicholas Carlini na wenzake walionyesha hivyo mwaka 2019 kwa njia rahisi na ya kijanja: walichomeka katika maandishi ya kufundishia sentensi ya kubuni yenye namba ya siri ya bandia, wakaifundisha modeli, halafu wakapima kama inaipendelea namba hiyo kuliko namba nyingine zozote. Walipoifundisha modeli ndogo kwa barua za Enron, waliweza kuchopoa humo namba halisi za kadi za benki na za hifadhi ya jamii za baadhi ya watu. Njia hiyohiyo walipoitumia kwenye huduma ya Google ya kukamilisha sentensi, matokeo yalitia moyo: modeli hiyo haikukariri kiasi cha mtu kuweza kuchopoa kitu. Mwaka 2021 wakaigeukia modeli ya GPT-2, iliyofundishwa kwa kurasa za wazi za intaneti, wakapata vipande 604 vilivyokaririwa, baadhi vikiwa na majina, simu na anwani za watu wa kawaida.

Kwa hiyo hatari ipo na inapimika, na ukubwa wake unategemea mambo yanayojulikana. Modeli ikiwa kubwa hukariri zaidi. Kipande kikirudiwa mara nyingi katika mafunzo hukaririwa zaidi. Zipo pia kinga: kuondoa marudio, kuchanganya kelele za kihesabu ili mchango wa mtu mmoja usionekane, au kufundishia kwenye simu ya mtumiaji na kupeleka makao makuu marekebisho tu, kama inavyofanywa kwenye baadhi ya kibodi za simu. Kinga hizi zinafanya kazi, na pia zinagharimu. Kampuni huzitumia pale inapoogopa kubanwa.

Kwa lugha kama yetu naona jambo la ziada. Maandishi ya Kiswahili kwenye intaneti ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza, na wanaofundisha modeli za lugha nyingi hufidia kwa kuyarudiarudia yale machache ili lugha isimezwe. Kama kurudiwa ndiko kunakoleta kukariri, basi kipande cha Kiswahili kilichoingia humo kwa bahati mbaya kina nafasi kubwa ya kukwama. Uchache huo pia unaleta kishawishi: anayetafuta Kiswahili kinachozungumzwa kweli, chenye watu wanaoombana radhi, wanaodaiana, wanaotaniana, hakipati kwenye tovuti za serikali. Kiko kwenye barua na meseji.

Chukua barua pepe moja ya aina ambayo hutumwa Dar es Salaam au Nairobi kila dakika: kijana anaomba kazi. Ndani ameambatisha wasifu, vyeti, nakala ya kitambulisho cha taifa, na chini kabisa, kama desturi inavyotaka, majina ya wadhamini watatu na namba zao za simu: mhadhiri wake, bosi wake wa mafunzo kazini, na pengine mchungaji au shehe wa mtaani. Kijana alimpigia simu mhadhiri akamwomba ruhusa. Ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka inayoeleweka bila kusemwa: atakayepiga ni mwajiri, atauliza kuhusu kijana, basi. Barua inafika. Afisa utumishi ana maombi mengi na muda mchache, anayanakili yote na kuyabandika kwenye programu ya akili mnemba ya bure, akiomba imchujie watano bora. Hakuvunja mlango wa mtu. Anafanya kazi yake. Lakini taarifa za mhadhiri, za bosi na za shehe zimeondoka hapo kwenda kwenye seva za kampuni ambayo, kwa akaunti za bure, mara nyingi huchukulia mazungumzo kuwa malighafi ya mafunzo isipokuwa mtumiaji azime swichi.

Ukipima nani hasa anavujisha barua za watu leo, nadhani ni sisi zaidi kuliko wadukuzi. Rafiki anakuandikia barua ndefu ya uchungu, unaibandika kwenye programu na kuiomba ikusaidie kujibu kwa upole. Mwaka 2023 Samsung iligundua kwamba wahandisi wake walikuwa wamebandika msimbo wa siri wa kampuni kwenye ChatGPT, ikapiga marufuku. Kampuni inaweza kupiga marufuku. Rafiki yako hana namna.

Kuhusu swichi hizo za kukataa data isifundishie modeli, kuna jambo la kitabaka ambalo halisemwi vya kutosha. Kampuni kubwa za akili mnemba huwaahidi wateja wa kibiashara, wanaolipa, kwamba data yao haitafundisha modeli. OpenAI, wenye ChatGPT, iliweka utaratibu huo kwa wanaotumia huduma zake kupitia programu zao wenyewe kuanzia Machi 2023. Mtumiaji wa kawaida, kinyume chake, data yake huchukuliwa mpaka aseme hapana. Anthropic nayo ilibadilisha masharti yake mwaka 2025 ili mazungumzo ya wateja wa kawaida yaweze kutumika, na mtu akipewa nafasi ya kukataa. Matokeo yake ni kwamba benki ya Zürich inalindwa na mkataba, na duka la vipuri la Kariakoo linaloendesha biashara yake yote kwa akaunti ya bure linalindwa na swichi ambayo mwenye duka hajawahi kuiona. Faragha imekuwa bidhaa ya daraja la kwanza.

Swichi zenyewe zimetungwa kwa lugha inayochosha. Mwaka 2024 watumiaji wa Slack, programu ya mawasiliano ya ofisini, waligundua kwamba ujumbe wao ulikuwa ukitumika kufundishia baadhi ya mifumo ya kampuni hiyo, na ili kukataa, msimamizi wa ofisi alitakiwa atume barua pepe kuomba. Februari mwaka huohuo tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikuwa imeonya kwamba kubadilisha masharti kimyakimya ili kuruhusu data ya zamani ifundishe akili mnemba kunaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu. Novemba 2025 zikaenea habari kwamba Gmail imeanza kufundishia modeli ya Gemini kwa barua za watu. Google ikakanusha, na kampuni ya usalama wa mtandao iliyozitoa ikarekebisha taarifa yake. Nililolitazama mimi si uongo wa habari bali wepesi wake wa kuaminika. Maelezo ya Gmail kuhusu vipengele vyake vya kurahisisha kazi yaliandikwa kwa namna ambayo hata wanaofanya kazi ya usalama wa kompyuta waliyasoma na kuelewa visivyo. Kama wao wameshindwa, ridhaa ya mwalimu wa Sumbawanga ina uzito gani?

Sheria zetu hazikulala. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, juu ya Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinacholinda faragha ya mawasiliano. Inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na ya mtu anayejua anachokikubali. Mzigo wa kuithibitisha ni wa anayechakata data. Na mwenye data anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi Sh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja Sh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Tume ya kuisimamia. Uganda ina sheria yake tangu 2019, Rwanda tangu 2021.

Kesi iliyokwenda mbali zaidi ni ya Worldcoin, ambayo haihusu barua ila inahusu ridhaa. Katikati ya 2023 watu walipanga foleni kwenye jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi wapigwe picha za mboni za macho, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama Sh 7,000. Serikali ikasimamisha zoezi Agosti mwaka huo. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ridhaa iliyovutwa kwa fedha haikuwa ridhaa halali, na kwamba tathmini ya athari haikufanywa ipasavyo, ikaamuru data ifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna. Ni uamuzi wa maana sana. Kama Sh 7,000 mkononi zinaharibu ridhaa, mtu anaweza kuuliza kuhusu nafasi ya bure ya Gmail na programu inayokuandikia barua.

Lakini amri ya kufuta picha inatekelezeka. Amri ya kufuta kilichojifunzwa kutokana na picha, au kutokana na barua, ni jambo jingine. Sheria ya Kenya, kama zilivyo nyingi, inasema kuondoa ridhaa hakubatilishi uchakataji uliofanyika kabla. Kwa orodha ya wateja hilo halina shida: leo unafuta jina, kesho halimo. Kwa modeli, uchakataji uliofanyika kabla ndio kila kitu. Barua ilipita humo Machi, modeli ikatoka Juni, ridhaa ikaondolewa Septemba, na hakuna kilichobadilika. Watafiti wanahangaika na njia za kuisahaulisha modeli kipande kimoja, na bado ni kazi ngumu yenye matokeo ya kubahatisha. FTC ilichukua njia ya mkato mwaka 2021 ilipoibana Everalbum, programu ya kuhifadhi picha: haikuishia kuamuru picha zifutwe, iliamuru pia modeli za kutambua sura zilizotokana nazo ziteketezwe. Ni adhabu inayouma, kwa sababu modeli ndiyo mali. Sioni kwa nini mdhibiti wa Nairobi au Dodoma asiweze kuidai, angalau kwa modeli iliyotengenezwa au kuboreshwa hapahapa kwa data ya hapahapa.

Wapo watakaosema kwamba ukibana hivyo Kiswahili kitabaki nyuma. Hoja hii naichukulia kwa uzito, kwa kuwa mimi pia nataka mashine inayojua Kiswahili kuliko hizi zinazotuandikia kama tafsiri ya mwongozo wa friji. Ila mfano wa njia nyingine upo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu waliokaa chini wakasoma sentensi kwa hiari yao, wakijua sauti zao zitakuwa za wote. Watafiti wa Masakhane wamejenga seti za data za lugha za Kiafrika kwa kushirikisha wenye lugha. Kazi ni ya polepole. Lakini kila aliyemo humo anajua kwamba yumo, na hakuna mtu wa tatu aliyeburutwa.

Kwa barua, sioni kitufe chochote kitakachotosha, hata kingeandikwa kwa Kiswahili sanifu na herufi kubwa. Kinachofaa ni mpaka wa matumizi usiotegemea kitufe: mtoa huduma ya barua achuje taka, atafute virusi, apange kikasha, na asitumie maudhui kufundishia mashine inayozalisha maandishi, awe amepewa ruhusa na mwenye akaunti au la, kwa sababu mwenye akaunti si mwenye barua peke yake. Anayetaka kufundishia barua azitafute kwa waandishi wake, pande zote, moja kwa moja, na awalipe. Zitakuwa chache. Modeli itasubiri.

Na kabla sheria mpya haijaandikwa, iliyopo ina nafasi ambayo ningependa kuona mtu akiijaribu. Sheria ya Kenya haimlindi mwenye akaunti peke yake. Inamlinda mtu yeyote anayetambulika katika data. Yule mhadhiri aliyeandikwa chini ya wasifu wa mwanafunzi wake anatambulika kwa jina na kwa simu. Hahitaji kuthibitisha kwamba alikuwa mteja wa kampuni yoyote. Anaweza kumwandikia Kamishna akiuliza kampuni ilipata wapi ridhaa yake, na mzigo wa kujibu si wake. Kwa mujibu wa sheria hiyo, lalamiko linapaswa kuchunguzwa na kuhitimishwa ndani ya siku 90.